Nani Abaki na Ukurasa Wake? Hotuba kwa wahariri kuhusu kuunganisha makala za kashfa za polisi na za wafichuaji

Wahariri wenzangu wa Wikipedia, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo ukimsimulia mtu asiye wa kazi yetu atadhani unamtania: makala mbili zinafanana, je, tuziunganishe au tuziache? Lakini nimekaa kwenye kurasa za majadiliano miaka ya kutosha, na ugomvi mrefu kuliko wote niliousoma huko haukuwa wa dini wala wa mipaka ya nchi. Ulikuwa wa askari polisi mmoja aliyesema ukweli. Watu walibishana kama anastahili ukurasa wake mwenyewe, au aya tatu zinamtosha ndani ya ukurasa wa kashfa aliyoifichua.

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mimi kuna mtu humu ndani atalisema.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuta makala mbili. Moja ilihusu kashfa ya kituo fulani cha polisi, ya pili ilimhusu afisa aliyeifichua. Simtaji, kwa kuwa yu hai na hakuomba kuwa mfano wa hotuba yangu. Makala yake ilikuwa na aya sita, na nne kati ya hizo zilirudia mambo yaliyokwisha kuandikwa kwenye makala ya kashfa. Nikaweka kigezo cha kupendekeza muunganisho, lile tangazo la juu ya ukurasa, nikasubiri wiki nzima, hakuna aliyeongea, nikaunganisha. Aya nne za marudio nikaziacha. Mbili zilizobaki nikazikamua hadi zikawa sentensi moja: "Baadaye aliacha kazi." Nikajiona fundi.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye historia ya ule ukurasa, yaani kumbukumbu ya matoleo yake ya zamani, nikitafuta tanbihi iliyopotea, nikazisoma zile aya mbili kwa utulivu. Zilieleza alivyohamishwa kituo mara mbili, alivyonyang'anywa silaha, alivyopelekwa kupimwa akili, kesi aliyoifungua na fidia aliyoipata. Hayo yote mimi niliyaita "aliacha kazi". Hakuna neno la uongo katika sentensi ile. Na ndiyo sentensi ambayo wakubwa wake wangeiandika kama kalamu ingekuwa mikononi mwao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziangalia hizi kurasa kwa jicho jingine. Makala ya kashfa ina umbo lake, na umbo hilo huisha mapema: gazeti linaandika, tume inaundwa, ripoti inatoka, mkuu anajiuzulu, basi. Yanayompata aliyetoa siri yana saa zake nyingine. Yanaanza kabla gazeti halijaandika na yanaendelea miaka mingi baada ya kamera kuzimwa. Ukimwingiza mtu huyu ndani ya makala ya kashfa, kinachokosa pa kukaa ni hicho alichofanyiwa. Hakuna mhariri anayekifuta kwa nia mbaya. Kinaonekana tu kama mkia usioingia kwenye nguo, kwa hiyo unakatwa. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Kabla sijaenda kwenye mifano niseme kidogo juu ya maneno, maana Kiswahili kinatutegea mitego ambayo wenzetu wa lugha nyingine hawana.

Neno la kwanza ni "kashfa". Tunalitumia kwa skandali, na kwa wakati huo huo tunalitumia kwa kumchafulia mtu jina: mtu akikutukana gazetini unamfungulia kesi ya kashfa. Sasa andika "Kashfa ya" halafu weka jina la mfichuaji. Msomaji ataelewa nini? Kwamba yeye ndiye aliyefanya uovu? Kwamba alimkashifu mtu? Kwamba alikashifiwa? Mara nyingi ninapoona muunganisho ambapo kashfa imeingizwa chini ya jina la aliyeifichua, ninaona uovu umehamia kwake kimya kimya kwa njia ya jina la ukurasa. Mahali pa uovu ni taasisi iliyoutenda. Andikeni jina la kikosi, la kituo, la mwaka.

Neno la pili ni "mtoa taarifa". Ni neno la heshima na limeingia hata kwenye sheria. Lakini polisi nao wana watoa taarifa wao: yule anayewanong'oneza nani kauza nini, wakati mwingine kwa malipo, wakati mwingine ili kesi yake ipunguzwe makali. Wengine wanasema "mpiga kipenga". Mimi halinipendezi. Anayepiga kipenga uwanjani ni refa, refa ana kadi mfukoni na watu wa kumlinda, na tunayemzungumzia hapa hana hata kimoja. Mimi nasema mfichuaji. Nanyi semeni mnavyopenda, ila mkichagua neno lifuateni hadi mwisho wa makala.

Tofauti hii ina uzito. Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1990, kulikuwa na kashfa ya Rampart, kituo cha polisi cha jiji hilo. Mtu aliyeifungua kwa maneno yake ni Rafael Pérez, afisa wa kikosi cha kupambana na magenge. Alikamatwa kwa kuiba kokeini iliyohifadhiwa na polisi kama ushahidi, akakubali kosa, na katika mapatano ya kupunguziwa adhabu akawataja wenzake. Askari zaidi ya 70 wakaguswa. Sydney, katika miaka ya 1990, mpelelezi Trevor Haken alikuwa amekula rushwa kwa miaka, kisha akageuka na kuifanyia kazi kwa siri tume ya Jaji Wood iliyochunguza rushwa ya polisi, akiwarekodi wenzake kwa kamera iliyofichwa ndani ya gari. Frank Serpico, askari wa New York, yeye alikataa kupokea rushwa tangu mwanzo. Hawa watatu nimeshawaona ndani ya orodha moja iliyozaliwa na muunganisho wa haraka. Wote "walitoa taarifa", ni kweli. Lakini mmoja alikataa sahani, mmoja alikula hadi akashiba ndipo akasema, na mmoja alisema baada ya kukutwa na sahani mkononi. Makala isiyowatenganisha hawa haijamsaidia msomaji, hata kama kila tanbihi ina kiungo kinachofanya kazi.

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote. Samahani nikikaa hapa muda mrefu.

Mwaka 1971, huko New South Wales, Australia, sajini wa upelelezi Philip Arantz alipeleka gazetini takwimu za uhalifu. Zilionyesha kwamba polisi walikuwa wakitangaza mafanikio makubwa kuliko waliyokuwa nayo: makosa halisi yalikuwa mengi kuliko yaliyotangazwa, na yaliyotatuliwa machache. Alipelekwa kupimwa akili. Madaktari hawakuona ugonjwa. Akafukuzwa kazi.

Mwaka 2009, huko Brooklyn, New York, afisa Adrian Schoolcraft wa kituo cha 81 alikuwa amekwisha kurekodi kwa siri mikutano ya kuanza zamu ya kituo chake kwa zaidi ya mwaka. Ndani ya zile rekodi mabosi wanasikika wakishinikiza askari watimize idadi ya watu wa kusimamishwa na kuandikiwa faini, na wakiwakatisha tamaa wasiandike malalamiko ya raia ili takwimu za uhalifu zibaki chini. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo aliondoka kazini mapema akisema anaumwa. Usiku wakubwa wake waliingia nyumbani kwake, wakamtoa kwa nguvu, akapelekwa hospitali na kuwekwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili siku sita. Walikiona kinasa sauti kimoja wakakichukua. Cha pili hawakukiona, kikaendelea kurekodi. Mwaka 2015 jiji lilimaliza kesi yake kwa dola 600,000.

Kati ya matukio hayo mawili kuna miaka 38 na bahari nzima ya Pasifiki. Jeshi la polisi ni jingine, sheria ni nyingine. Lakini siri ni ile ile, takwimu zilizopikwa, na jibu ni lile lile: huyu ana matatizo ya akili.

Haya niambieni, msomaji atauona vipi mfanano huo? Tukimwingiza Arantz kwenye makala ya historia ya rushwa katika polisi wa New South Wales, atakuwa aya kati ya aya hamsini za rushwa ya kamari na madanguro. Tukimwingiza Schoolcraft kwenye makala ya kituo cha 81, au kwenye makala ndefu ya mfumo wa takwimu wa polisi wa New York, atakuwa kichwa kidogo cha habari katikati ya historia ya kompyuta. Kila muunganisho, ukiutazama peke yake, una hoja nzuri. Ukiitazama yote kwa pamoja, kitu kimetoweka ambacho hakikuwa ndani ya makala yoyote kati ya hizo: uhusiano wa mtu na mtu. Uhusiano huo unakaa kwenye jamii, zile lebo za makundi ya makala tunazoweka chini kabisa ya ukurasa na ambazo nusu yenu mnazijaza kwa uvivu. Naona mzee mmoja pale mbele anacheka. Anajua ninamsema yeye, na mimi mwenyewe nimo.

Kuna mtu atasema: basi tuandike makala moja kubwa ya "upotoshaji wa takwimu za polisi", tuwaweke wote humo. Tumwongeze na konstebo James Patrick wa polisi wa London, aliyetoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 2013, na miezi miwili haikupita takwimu za uhalifu zilizorekodiwa na polisi zikavuliwa hadhi ya takwimu rasmi za taifa. Makala hiyo nitaisoma kwa furaha. Andikeni. Ila iwe juu ya makala za watu, isiwe badala yake. Huwezi kuandika kwamba watu watatu walifanyiwa jambo moja kama kila mmoja ana sentensi moja tu.

Kwa upande mwingine kuna muunganisho unaobomoa kwa njia ya kinyume, na mfano wake mzuri uko Ireland.

Sajini Maurice McCabe, wa kituo cha Bailieboro katika kaunti ya Cavan, alilalamikia uchunguzi uliofanywa hovyo na pointi za adhabu za madereva zilizokuwa zikifutwa bila sababu. Januari 2014 mkuu wa polisi, Martin Callinan, aliulizwa na kamati ya Bunge juu ya wafichuaji wawili wa jambo hilo, McCabe na John Wilson, akasema anaona mwenendo wao unachukiza. Tarehe 25 Machi 2014 Callinan akaondoka. Mei mwaka huo huo akaondoka waziri wa sheria, Alan Shatter.

Mpaka hapo hadithi ni moja. Lakini siku ile ile Callinan alipoondoka, nchi iliambiwa kwamba simu za vituo vya polisi zilikuwa zikirekodiwa kwa miaka mingi. Hili ni jambo jingine kabisa. McCabe hakuhusika nalo. Lilipewa tume yake, chini ya Jaji Fennelly. Malalamiko ya McCabe nayo yakapitia uchunguzi wake, na mwishoni mahakama ya uchunguzi ya Jaji Charleton, iliyoundwa mwaka 2017 na kutoa ripoti kubwa mwaka 2018.

Mhariri anayesoma haraka anaona nini? Polisi wale wale, mwezi ule ule, mkuu yule yule aliyejiuzulu. Mkono unakwenda kwenye kigezo cha kuunganisha. Akifanya hivyo, msomaji wa makala mpya ataamini kwamba sajini mmoja alifichua rekodi za simu, au kwamba Callinan aliondolewa na simu peke yake, au kwamba tume mbili zilikuwa tume moja. Kalenda imemdanganya. Mambo mawili kutokea siku moja ni sababu ya kuweka kiungo cha ndani kati ya makala. Sababu ya kuunganisha ni nyingine: vyanzo vile vile kusema jambo lile lile juu ya watu wale wale. Mtihani wangu ni huu. Chukua vyanzo vya makala A uone vingapi vingeweza kusimama katika makala B bila kuongezewa maelezo. Vikiwa karibu vyote, unganisha leo. Vikiwa viwili vitatu, weka kiungo ukalale.

Na Ireland kuna jambo jingine linalonisumbua mimi kama mtu anayenakili na kubandika kila siku. Mwaka 2013, kwenye hati za huduma za ustawi wa watoto, kulitokea madai mazito sana dhidi ya McCabe. Hayakuwa yake. Yalikuwa maneno ya shauri la mtu mwingine, yakabaki kwenye fomu iliyojazwa kwa jina lake, na hati ikasafiri ofisi hadi ofisi. Jaji Charleton alikubali kwamba hilo lilikuwa kosa la kiofisi na si njama, na McCabe akasafishwa. Ripoti hiyo hiyo ilisema pia kwamba pembeni, mbali na kosa hilo, kweli alipakwa matope na wakubwa wa polisi. Yaani mtu anaharibiwa maisha na maneno yaliyobandikwa kwenye ukurasa usio wake, na wala hapakuhitajika mtu mwenye nia mbaya. Kila ninapobonyeza vitufe vya kubandika ninakumbuka fomu ile.

Sasa mtanidhania ninapinga kuunganisha. Hapana. Kuna nyakati ninaunganisha bila kusita, na sababu ya kwanza ni huruma.

Kanuni zetu juu ya wasifu wa watu walio hai zinasema kwamba mtu anayejulikana kwa tukio moja tu, na ambaye nje ya tukio hilo ni raia wa kawaida, kwa kawaida aelezwe ndani ya makala ya tukio. Wengi wanaisoma kanuni hii kama mlango wa kufungia watu nje. Mimi naisoma kama pazia. Ukurasa wenye jina la mtu ni ukurasa unaoomba kujazwa: tarehe ya kuzaliwa, jina la mke, shule, mtaa. Watakuja watu wa kuujaza, na si wote ni marafiki. Karani wa polisi aliyetoa nyaraka mara moja, akashuhudia mara moja, akarudi nyumbani kwake, huyo umweke ndani ya makala ya kashfa na umwache apumue. Kanuni hiyo hiyo inasema kwamba kama tukio ni kubwa na nafasi ya mtu ndani yake ni kubwa na imeandikwa vya kutosha, anaweza kuwa na ukurasa. Schoolcraft anavuka kizingiti hicho. Karani wangu havuki, na afadhali asivuke.

Sababu ya pili ni pale makala mbili zinapobishana. Mnazijua: moja imeandikwa na wanaompenda afisa, nyingine imeandikwa na wanaolipenda jeshi, kila moja ina vyanzo vyake, hazisalimiani. Hapo kuziacha mbili ni kukwepa kazi. Ziunganishe, ziketi kwenye meza moja, zibishane mbele ya msomaji.

Sababu ya tatu ni mbegu, yaani makala za sentensi chache tu. Kwetu hili ni la kila siku. Mtu ametumia kifaa cha kutafsiri, ametuletea kashfa kwa sentensi mbili, tume kwa sentensi mbili, afisa kwa sentensi tatu, na zote saba zinarudia jina la jiji. Hapo anza na makala moja ya tukio, yenye vichwa vidogo vya habari. Kichwa cha mtu kikinenepa, kitenge. Ila mjue gharama yake: lugha nyingine zikiwa na ukurasa wa mtu na sisi tuna ukurasa wa tukio, viungo vya lugha vya pembeni havikutani vyenyewe, kwa kuwa katika Wikidata, hazina ya data inayounganisha lugha zote, mtu ni kitu kimoja na tukio ni kitu kingine. Msomaji aliyetoka kwenye Kifaransa akibonyeza kutafuta Kiswahili atakosa kutuona, na huku tumeandika.

Na urefu? Urefu si hoja. Makala fupi si kosa, sijui ni nani alitufundisha kuiona aibu.

Nimeulizwa nitoe mbinu, kwa hiyo vumilieni dakika chache za ufundi, halafu niwaache.

Unapohamisha maandishi, taja kwenye muhtasari wa hariri yametoka makala gani. Si adabu tu, ni sharti la leseni: waliyoyaandika wengine yana wenyewe, na ushahidi kwamba ni yao uko kwenye historia ya ukurasa wa zamani. Ndiyo sababu ukurasa wa zamani haufutwi, unageuzwa kuwa elekezo, yaani ukurasa unaompeleka msomaji moja kwa moja kwenye makala mpya. Nimeona wakabidhi wapya, wale wasimamizi wenye kitufe cha kufuta, wakifuta "takataka" baada ya muunganisho, na kwa kitufe kimoja wakafuta majina ya waandishi kumi na mmoja.

Elekezo la mtu lisielekee juu ya makala ya kashfa, lielekee kwenye sehemu inayomhusu. Weka nanga pale, yaani alama ya mahali, maana mtu akibadilisha kichwa cha sehemu, elekezo bila nanga litamtupa msomaji mlangoni ajitafutie. Na hili wengi hamlifanyi: elekezo linaweza kubeba jamii. Mtu akipoteza ukurasa si lazima apoteze nafasi yake kwenye jamii ya wafichuaji. Weka jamii kwenye elekezo lenyewe. Ni sekunde ishirini, na Arantz wa kesho ataonekana karibu na Schoolcraft wake.

Tanbihi zenye jina ndizo zinazouma zaidi. Unanakili aya yenye tanbihi fupi inayotegemea tanbihi kamili iliyo juu ya ukurasa ule wa zamani. Ukibandika, unabaki na maandishi mekundu ya kosa, na mhariri mwema anayekuja baadaye anafuta sentensi "isiyo na chanzo". Kwenye mada hizi sentensi isiyo na chanzo ni hatari kweli, kwa kuwa inamtaja mtu aliye hai kwa mema au kwa mabaya. Hakikisha tanbihi moja moja kabla hujageuza ukurasa kuwa elekezo. Mimi hufungua madirisha mawili sambamba na kuhesabu: tanbihi ngapi upande huu, ngapi zimevuka. Namba zisipolingana sihifadhi.

Halafu soma kwa sauti sentensi uliyobaki nayo juu ya mtu huyo. Kitenzi chake kinamweka wapi? "Aliacha", "alihama", "alistaafu" ni vitenzi vinavyomfanya yeye mtendaji wa mambo aliyotendewa. Kiswahili kimetupa kauli ya kutendwa, tuitumie pale vyanzo vinaposema alitendwa: alihamishwa, alisimamishwa, alifukuzwa, na nani.

Dada mmoja aliniuliza kabla sijapanda hapa, juu ya matukio yanayoendelea. Alitaja Afrika Kusini. Tarehe 6 Julai 2025 mkuu wa polisi wa jimbo la KwaZulu-Natal, Nhlanhla Mkhwanazi, aliita waandishi wa habari na kutoa tuhuma kwamba kuna uhusiano kati ya magenge na wakubwa wa siasa na vyombo vya sheria, akimtaja waziri wa polisi wa wakati huo, Senzo Mchunu, ambaye amezikana. Wiki haikwisha vizuri Rais Ramaphosa akatangaza tume chini ya Jaji Madlanga, na waziri akapewa likizo. Makala zikafumuka kama uyoga: ya mkutano, ya tume, za watu. Swali lake ni kama tuziunganishe.

Jibu langu ni kwamba tume ndiyo iwe shina kwa sasa, kwa sababu inaandika kumbukumbu zake yenyewe na kila upande unajibu pale. Watu waliokuwa na makala tangu zamani wabaki nazo, tuhuma zikiandikwa kama tuhuma. Asifunguliwe ukurasa shahidi ambaye jana hakuna aliyemjua. Na neno "mfichuaji" tusimvishe wala tusimnyime mtu mpaka vyanzo huru vimwite hivyo kwa wingi. Mkuu wa polisi wa jimbo ana ofisi na askari chini yake, si sawa na konstebo mwenye kinasa sauti mfukoni. Siku tume itakapomaliza tutakaa tena, na huenda nikawa nimekosea.

La mwisho, kwa sababu naona saa inanikodolea macho. Kila mtu humu analijua jina la Serpico. Wangapi wanamjua David Durk? Alikuwa afisa mwenzake, ndiye aliyekuwa na marafiki wa kuwafikisha kwenye gazeti la New York Times, na habari ilipotoka tarehe 25 Aprili 1970 ilikuwa kazi ya wote wawili. Wote wawili walitoa ushahidi mbele ya Tume ya Knapp, iliyochunguza rushwa katika polisi wa New York. Serpico alipigwa risasi usoni mwaka 1971, akaandikwa kitabuni, akaigizwa, akawa jina. Durk ana makala yake, na huwa ninaipitia kila baada ya muda kuangalia kama kuna mtu amependekeza aingizwe kwa Serpico. Akiingizwa huko atakuwa "rafiki yake".

Na ile makala yangu ya "aliacha kazi"? Wiki iliyopita niliirudia. Nimezitoa zile aya mbili kwenye historia, nimetafuta tanbihi zake, tatu kati ya nne bado zinafunguka. Nimeweka pendekezo la kuitenga tena. Hadi asubuhi ya leo kulikuwa na jibu moja tu, la mhariri kijana anayepinga. Anasema mtu yule hajawahi kuonekana hadharani tangu kesi iishe, na pengine anapenda hivyo. Sijapata la kumjibu. Majadiliano yako wazi hadi Ijumaa, na kama mmoja wenu ana hoja, anitafute.